Msanifu asiyeitazama pikipiki asituuzie fulana ya pikipiki

Ndugu zangu mnaopenda pikipiki za zamani, ninafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Chama chetu kimelipia usanifu wa fulana, beji za kudarizi, stika, bizimu za mikanda na mapambo ya kuning'iniza kwenye funguo. Tulichopokea ni kazi ambayo mtu yeyote aliyewahi kuishika pikipiki ya aina ile ataikataa kabla hajamaliza kuikunjua fulana. Makosa ningeweza kuyavumilia, kwa kuwa makosa hurekebishwa. Nilichoshindwa kukivumilia ni jibu tulilopewa tulipolalamika, kwamba mnunuzi wa kawaida hatayatambua. Fulana hizi hazikuandaliwa kwa ajili ya mnunuzi wa kawaida. Zinakusudiwa kuvaliwa na watu wanaoweza kukuambia injini imetoka mwaka gani kwa kutazama kifuniko chake tu, na watu hao ndio watakaosimama mbele yetu wakituuliza ni nani aliyeupitisha mchoro ule.

Ili malalamiko yangu yaeleweke, ni lazima niizungumzie pikipiki yenyewe. Tulichagua Triumph Bonneville T120 ya mwaka 1959, pikipiki ya Uingereza, ambao ndio mwaka wa kwanza wa modeli hiyo, na tuliuchagua kwa makusudi. Ile ya 1959 ilikuwa na taa ya mbele iliyofunikwa ndani ya gamba kubwa la chuma lililoungana na sehemu ya juu ya uma unaoshika gurudumu la mbele, madigadi mazito yanayolizunguka gurudumu, na rangi ya chungwa iliyopakwa pamoja na kijivu chenye mng'ao wa lulu. Wanunuzi wengi wa wakati ule hawakuupenda mwonekano huo, na mwaka uliofuata kiwanda kikaibadilisha taa ikawa imesimama peke yake. Kwa hiyo anayeona gamba lile na rangi zile anajua mara moja anatazama mwaka gani. Tulimpa msanifu maelezo hayo kwa maandishi, tukamwambatanishia picha zilizopigwa kutoka pande zote mbili.

Mchoro uliorudi una taa iliyosimama peke yake. Tangi ni jekundu na jeusi. Chini ya pikipiki pameandikwa 1959 kwa tarakimu kubwa, lakini injini iliyochorwa ni ile ambayo giaboksi yake imeunganishwa na injini ndani ya gamba moja, mpangilio ambao pikipiki za Triumph za saizi hiyo hazikuwa nao hadi zile za mwaka 1963. Katika ile ya 1959 giaboksi ni kitu kinachojitegemea, kimefungwa nyuma ya injini, na pengo lililopo kati yao linaonekana wazi upande wa kulia. Mtu aliyeamua kuziandika tarakimu zile kwa ukubwa ule alikuwa na wajibu wa kujua zinamaanisha nini.

Kosa lililonikera kuliko yote ni kugeuza picha. Msanifu aliona kwamba pikipiki ikielekea kushoto itakaa vizuri zaidi karibu na jina la chama, basi akaipindua kama inavyoonekana kwenye kioo, akaliandika upya jina la kwenye tangi ili lisisomeke kinyumenyume, akadhani amemaliza. Pikipiki haina pande mbili zinazofanana. Katika Triumph hii, kifuniko cha gia za kuendeshea kemshafti (mhimili unaofungua vali za injini), chenye umbo linalokaribia pembetatu, kiko kulia. Kiki iko kulia. Kanyagio la gia liko kulia. Upande wa kushoto una kifuniko kirefu cha cheni inayotoka kwenye injini kwenda kwenye klachi, una kanyagio la breki ya nyuma, na una cheni inayozungusha gurudumu. Ukiipindua picha, umehamisha gia na kiki upande usiokuwa wake, na umetengeneza mashine ambayo haijawahi kutoka kiwandani. Suala la gia lina uzito wa pekee, kwa sababu pikipiki nyingi za Uingereza ziliendelea kuwa na gia upande wa kulia hadi katikati ya miaka ya 1970, pale kanuni za Marekani zilipotaka gia ziwe kushoto na viwanda vikalazimika kufuata soko. Gia ya kulia ni historia inayoonekana kwa macho, na mguu wa mwendeshaji unaikumbuka kila anapopanda.

Iwapo mpangilio wa fulana unadai pikipiki ielekee kushoto, dawa yake ni rahisi: chora upande wa kushoto. Picha za upande huo alikuwa nazo.

Nilipoyasogeza macho kwenye mchoro wa stika nilikuta jambo jingine linaloanza kuenea, na ninaomba wenzangu mlitazame kwa makini katika kazi mnazoletewa. Mchoro ule umetengenezwa na programu ya kuzalisha picha. Spoki za gurudumu la nyuma zinayeyukia ndani ya rimu, kebo ya klachi inaanzia kwenye usukani na kuishia hewani, na bomba moja la ekzosi linatoka mahali pasipo na silinda yoyote. Sipingi mtu kutumia chombo chochote anachokitaka katika kuanza kufikiri, lakini anayelipwa kuwa msanifu analipwa ili atazame, na mchoro ule haukutazamwa na mtu. Nyuma ya pikipiki pamewekwa ufukwe wenye minazi. Jina la Bonneville linatokana na uwanda wa chumvi ulioko Utah, Marekani, ambako mwaka 1956 mwendeshaji Johnny Allen aliendesha chombo chenye injini ya Triumph kwa mwendo wa zaidi ya maili 214 kwa saa. Angetafuta jina hilo kwa dakika moja tu angepata mandhari nyeupe, tambarare, isiyo na mti hata mmoja, ambayo ni rahisi kuchapa na inapendeza mno kwenye fulana.

Lipo pia suala la nembo. Katika toleo la pili, msanifu aliichukua nembo ya Triumph na kuiweka juu ya jina la chama chetu, akatueleza kwamba kampuni ya zamani ilishakufa na kwa hiyo alama zake hazina mwenyewe. Ni kweli kwamba kiwanda cha Triumph cha Meriden, Uingereza, kilifungwa mwaka 1983, lakini jina lilinunuliwa mwaka huohuo na John Bloor, na pikipiki za Triumph zinatengenezwa hadi leo. Majina mengine ya zamani ya Uingereza ni vivyo hivyo: Norton iko mikononi mwa kampuni ya TVS ya India tangu 2020. BSA ilinunuliwa na kundi la kampuni za Mahindra, la India pia, mwaka 2016. Karibu kila jina kubwa tunalolipenda lina mmiliki anayelilinda, na chama kinachouza fulana zenye nembo hizo bila ruhusa ndicho kitakachoandikiwa barua na wanasheria, si msanifu. Tunataka alama yetu wenyewe.

Beji ya mgongoni ilinishtua kwa namna tofauti. Alituletea beji ya vipande vitatu: upinde wa juu wenye jina, mchoro katikati, na upinde wa chini wenye jina la eneo. Msanifu wa bidhaa za pikipiki anapaswa kujua kwamba mpangilio huo una wenyewe. Katika nchi nyingi, vyama vya waendeshaji vyenye taratibu kali huuhesabu upinde wa chini kuwa tangazo la kudai himaya, na mwanachama wetu mwenye umri wa kustaafu, aliyetoka kwenda kuonyesha pikipiki yake iliyong'arishwa, anaweza kusimamishwa njiani na watu asiowajua na kutakiwa aivue fulana. Vyama vya pikipiki za zamani huvaa beji ya kipande kimoja, aghalabu kifuani au begani. Msanifu alijibu kwamba vipande vitatu vinavutia zaidi machoni. Usalama wa wanachama wetu hauwezi kupimwa kwa mvuto.

Kuhusu vitambaa na uchapaji, nitasema kwa ufupi, ingawa hapa pia fedha zetu zimepotea. Herufi zenye kimo cha chini ya nusu sentimita zikidariziwa hufungana na kuwa donge la uzi, nasi tumeletewa beji ambayo hata jina letu halisomeki. Rangi ya chungwa ikichapwa kwenye fulana nyeusi bila kutangulizwa na tabaka jeupe huzama na kugeuka hudhurungi. Makoti ya pamba iliyopakwa nta, ambayo wengi wetu tunayavaa, alipendekeza yabandikwe nembo kwa mashine ya joto, wakati joto hilo linaiyeyusha nta na kuacha doa lisilotoka. Haya yanafahamika kwa kila fundi wa uchapaji, na msanifu angemuuliza mmoja tu kabla ya kututumia ankara.

Halafu bizimu. Kaitengeneza kubwa, ya shaba nzito, yenye kingo zilizochongoka, ikae katikati ya tumbo la mtu anayeinamia tangi lililopakwa rangi kwa mkono. Wenye pikipiki za zamani huvua mikanda yao au huigeuza ubavuni ili bizimu isikwaruze tangi. Pambo la ufunguo nalo ni la chuma tupu, refu, na kwenye pikipiki zenye swichi ya ufunguo karibu na taa litagonga na kukwaruza rangi kila injini inapotetema. Ngozi ingetosha. Hapa ndipo nilipotambua kwamba mtu huyu hakuwahi kujiuliza vitu hivi vitatumika wapi na nani.

Lawama nyingine naielekeza kwa kamati za vyama, yetu ikiwamo. Tumezoea kupitisha michoro kwa kuitazama kwenye simu, ikiwa imepunguzwa hadi ukubwa wa kucha, na kumwachia mweka hazina uamuzi kwa kuwa yeye ndiye mwenye bajeti. Mchoro wa injini upitishwe na mwanachama anayeimiliki injini ile, akiwa amesimama kando yake, mchoro umechapwa kwa ukubwa utakaotumika. Akitia saini, uchapwe. Asipotia, urudi.

Kwa msanifu wetu, ambaye sitamtaja na ambaye najua anausoma uzi huu, madai ya chama ni haya: mchoro mpya wa upande wa kushoto uliochorwa kutoka kwenye picha tulizokupa, wenye gamba la taa, giaboksi iliyotengana na injini na rangi za 1959; beji ya kipande kimoja; nembo ya Triumph iondolewe kila mahali; na gharama ya fulana zilizokwisha kuchapwa ikatwe kwenye malipo yaliyobaki. Fulana hizo hatutaziuza wala kuzigawa bure.

Wenzangu mliowahi kupata msanifu aliyekuja kuitazama pikipiki kabla ya kushika kalamu, naomba mweke hapa picha za kazi yake karibu na picha ya pikipiki yenyewe, upande uleule.