Mjadala: Je, kila flapu ipakwe nitrogliserini?

Mfamasia: Natetea pendekezo hili kwa wodi zetu za Nairobi: nitrogliserini ni dawa ya kutanua mishipa ya damu. Flapu, yaani ngozi iliyohamishwa pamoja na mishipa yake, ikishainuliwa, neva zilizokatwa humwaga noradrenalini, kemikali ya kubana mishipa, na mishipa hubana. Ncha ndiyo hufa kwanza. Jaribio la Vancouver lililochapishwa 2015 lilipaka miligramu 45 kwenye ngozi ya titi baada ya titi kutolewa na kuundwa upya. Ngozi kufa kulishuka kutoka asilimia 33.8 hadi 15.3. Ukitumia marhamu ya asilimia 2, hiyo ni gramu 2.25 tu.

Mpasuaji: Takwimu sizipingi, Daktari. Napinga neno "kila". Majeruhi wa bodaboda mwenye kisigino kilicho wazi mara nyingi hupata flapu ya shavu la mguu iliyogeuzwa, na shida yake kubwa ni damu kushindwa kutoka. Kutanua ateri, yaani mishipa inayoleta damu, hapo ni kufungulia maji kwenye beseni lililoziba. Kwanza tambua kilichoziba. Flapu ikiwa ya zambarau, imevimba, ukibonyeza rangi inarudi chini ya sekunde 1, na sindano ya geji 25 inatoa damu nyeusi upesi, hiyo ni vena, mshipa unaotoa damu, iliyoziba: legeza bandeji, kata nyuzi zinazovuta, ondoa damu iliyoganda chini yake, hakikisha shina la flapu, yaani sehemu yenye mishipa inayoilisha, halijapinda. Ikiwa nyeupe, baridi, na sindano haitoi kitu, ni ateri. Shina lililoziba kwa bonge la damu halifunguki kwa marhamu; mgonjwa arudi thieta saa hiyohiyo.

Sista wa wodi: Naongeza ya kitandani. Pima presha kabla ya kupaka na baada yake, kwa sababu dawa hii huishusha, na presha ikishuka flapu yenyewe hukosa damu. Muulize mgonjwa faragha kama ametumia sildenafili, dawa ya nguvu za kiume; zikikutana presha huporomoka vibaya. Anayepaka avae glavu, la sivyo kichwa kitamuuma yeye. Na Julai hii, blanketi, maji ya kutosha na dawa ya maumivu vitangulie, maana baridi na maumivu hubana mishipa vilevile.

Mfamasia: Nakubali, "kila" liondoke. Libaki: ngozi ya titi, presha ikiwa nzuri.

Mpasuaji: Hapo tuko pamoja. Ila sildenafili ya kumeza kwa ajili ya flapu bado naikataa. Ushahidi wake mwingi ni wa panya, na ngozi ya panya ina tabaka la msuli ambalo ya mguu wa binadamu haina.