Familia ya Kirumba: Nani Anabaki na Masumbuko?

Shangazi Kabula 06:12
Mama anapanda meli ya Nansio Jumamosi, atakaa Ukerewe wiki mbili. NANI anabaki na Masumbuko? Nataka jina kabla ya saa nne.

Neema 06:40
Shikamoo shangazi

Shangazi Kabula 06:41
Marahaba. Nimeuliza jina.

Shangazi Kabula 10:03
Mmesoma wote, naona tiki. Doto?

Doto 10:20
Shangazi nimepanga chumba kimoja. Yule akilala anawaka mpaka asubuhi, mwenye nyumba atasema naiba umeme 😂

Kulwa 10:21
Si afadhali, luku inapumzika 😂😂

Shangazi Kabula 10:24
Hapa si kijiweni. Kazi yenyewe ndogo: beseni la maji ya ziwani, ya bomba yanamwasha magamba. Dagaa wabichi jioni. Akikoroma mkune chini ya shavu, pale penye manyoya. Hang'ati, kuku wa Mama wanalala mgongoni kwake.

Mama Kulwa 11:30
Dagaa wabichi wiki hii wifi? Mbalamwezi yote hii, wavuvi wanangoja giza.

Shangazi Kabula 11:31
Mloweke wakavu.

Neema 11:40
Wakavu anawatema. Anawapanga pembeni mmoja mmoja kama anahesabu deni

Baba Mdogo Mashaka 12:15
Mleteni kwangu.

Shangazi Kabula 12:15
Wewe HAPANA.

Baba Mdogo Mashaka 12:17
Kabula, yale yaliisha. Taa ya sola ilikufa, nikamkalisha mbele ya mtumbwi usiku mmoja tu.

Mama Kulwa 12:19
Shemeji, alirudi amezimika. Mwezi mzima hakuwaka.

Baba Mdogo Mashaka 12:20
Na wale dagaa mlikula wote! Ndoo yangu mpaka leo sijaiona.

Doto 12:21
Walikuwa watamu lakini

Shangazi Kabula 12:22
DOTO. Emma wa Sengerema, daraja la Busisi lipo sasa, kisingizio cha foleni ya kivuko kimekwisha. Jibu.

Bibi 14:03
Nimesomewa yote. Masumbuko hatoki hapa. Babu yenu alimtoa kwenye magugu maji akiwa anaenea kwenye kata ya kuchotea maji, akamtia kwenye beseni hilihili. Anayemtaka aje alale hapa. Na Mashaka aje anione kabla sijasafiri.

Baba Mdogo Mashaka 14:30
Ndiyo mama.

Neema 14:52
Sawa bibi.

Shangazi Kabula 14:55
Mmesikia. Nani analala Kirumba?

Neema 15:10
Mimi Jumamosi mpaka Alhamisi. Ijumaa nina zamu ya usiku.

Shangazi Kabula 15:11
Na Ijumaa? Na wiki ya pili?

Kulwa 15:40
[stika: Masumbuko kavaa kofia ya babu]

Emma 21:47
Shikamooni. Nilikuwa shamba, mtandao hakuna. Jumbe zote hizi, kuna msiba?

Shangazi Kabula 21:48
Panda juu usome. Wiki ya pili ni yako.

Emma 21:49
Ya nini tena?

Shangazi Kabula 21:49
Nakupigia. Pokea.