Kreni imefungwa sensa mpya mara tatu, kumbe tatizo ni ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri), na mshahara wangu ndo umekatwa!

Wakuu habari za jioni. Nimekaa na hii hasira wiki nzima, leo naitoa, maana nikiendelea kunyamaza kuna mtu atapoteza mkono halafu waseme uzembe wa opereta.

Mi naendesha kreni ya matairi ya tani 50, tupo saiti moja huku Kigamboni, bahari ile pale. Kwa wasiojua, drumu za winchi (yale mapipa yanayokunja kamba ya kunyanyulia mzigo) kwenye kreni yetu zipo nyuma ya kebini, ukiwa kwenye kiti huzioni hata ugeuke vipi. Ndo maana juu ya levo kuna kitufe kidogo kinachogonga dole gumba. Drumu ikizunguka, sensa iliyo pembeni yake inasoma meno yanavyopita, inatuma mapigo, na kitufe kinakugonga tk tk tk, drumu ikikimbia nacho kinakimbia. Macho yapo kwa riga (anayefunga na kuongoza mzigo kule chini), masikio kwenye redio, dole gumba ndo linakwambia drumu inatembea au imesimama, na ni winchi gani, kubwa au ndogo.

Sasa hicho kitufe cha winchi kubwa kilikufa mwezi uliopita. Nikaandika kwenye daftari la ukaguzi wa asubuhi siku hiyohiyo. Wakaletwa mafundi, wakafunga sensa mpya, ikapiga kazi siku mbili ikafa, wakarudi na ya pili, siku tatu ikafa, wakaleta ya tatu, hadithi ileile. Nikawauliza jamani mmepima nini? Mmoja ananijibu "kaka waya zote zinalia", yani kaweka mita kwenye ule mlio wa kupima kama waya umekatika, kasikia piii, kafunga begi. Waya kulia kwenye mita sio kwamba unabeba umeme wa kutosha! Hata ukibaki uzi mmoja wa shaba utalia tu.

Muda wote huo naambiwa endelea na kazi, tumia redio. Niliomba wapake alama ya rangi kwenye drumu na wanifungie kioo niione ikizunguka, nikaambiwa nachelewesha kazi. Jumanne tunashusha paneli za zege, jioni mwanga unapungua, riga kaniambia simama nikarudisha levo katikati, mi najua nimesimama. Kumbe drumu bado inaachia kamba taratibu, levo haikurudi yote. Kitufe kingekuwa kizima dole gumba lingejua palepale. Nilichosikia ni riga anapiga kelele kwenye redio "pandisha pandisha pandisha", na alikuwa ameweka mkono chini ya paneli anasogeza mbao. Glovu ilibaki chini ya zege, mkono aliuwahi. Ana watoto watatu yule jamaa. Mi usiku ule sikulala.

Kesho yake nikagoma kupandisha mzigo wowote, nikachukua mita yangu, nimesoma umeme VETA kabla ya kuingia kwenye kreni. Kwenye sensa, kati ya waya wa kahawia na wa bluu zinazoilisha umeme napata volti 24.6, mwenzangu akazungusha winchi taratibu bila mzigo, kitaa cha sensa kinawaka na kuzima kila jino likipita, waya mweusi unatoa mapigo safi. Sensa nzima, na naamini hata ile ya kwanza waliyoitupa ilikuwa nzima! Koili ya kitufe nayo nikaipima, haijakatika. Nikahamia kwenye boksi la kontroli nyuma ya kiti. Drumu imesimama, 24.6. Drumu ikizunguka kitufe kikitaka kugonga tu, umeme unaporomoka mpaka 15. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye negativu ya betri na nyingine kwenye ethi ya boksi, volti 9 zinapotelea hapo, wakati ethi nzima haitakiwi kupoteza hata nusu volti.

Nikaifuata ethi mpaka kwenye boliti yake. Kreni ilipigwa rangi kabla ya kuja saiti, na ile tamino ya ethi (kichwa cha waya kinachobanwa na boliti) imefungwa JUU YA RANGI, chini yake kutu ya kijani na chumvi imeganda. Ndo maana kila wakibadilisha sensa inafanya kazi siku mbili tatu, wakivuta vuta waya tamino inagusa chuma kidogo, mtikisiko ukiilegeza inakufa tena. Msasa, nikakwangua mpaka chuma cheupe, boliti mpya, grisi juu. Dakika 20. Ile volti 9 ikawa 0.05 na kitufe kinagonga mpaka leo.

Halafu mwisho wa mwezi nakuta nimekatwa siku mbili, eti nilisimamisha kazi! Sensa tatu zimelipwa, mafundi wamelipwa, aliyekatwa ni mimi!

Na wasiniambie ni kitu kidogo. Marekani kwenye kanuni ya OSHA yao (mamlaka ya usalama kazini) namba 1926.1416, kreni iliyotengenezwa baada ya Novemba 8, 2011 ambayo opereta haoni drumu lazima iwe na hiki kifaa, kikifa wana siku 30 za kukitengeneza, na wakati wanasubiri drumu ipakwe alama na kiwekwe kioo au kamera kama opereta haioni hiyo alama. Yaani kilekile nilichoomba nikaonekana msumbufu.

Ijumaa nimeitwa kikaoni. Picha za ile tamino ninazo, namba za mita nimeandika na saa zake, riga kakubali kuja kusema. Waliowahi kukatwa mshahara kwa kugoma kuendesha mtambo mbovu naomba mniambie mlianzia wapi, barua au moja kwa moja chama cha wafanyakazi?