Mjadala: sato kwenye vibwawa vya watu binafsi, kila mtu apandikize anavyotaka?

Wadau habari zenu. Kuna jambo naliona huku bonde la Pangani nimeona nilete hapa tubishane. Siku hizi kila mwenye kiwanja karibu na mfereji anachimba kabwawa anashusha vifaranga vya sato, ukimuuliza maji yanayotoka yanaenda wapi anakwambia yanarudi mtoni, si ndio yalikotoka. Sasa sato si wa huku jamani. Mto una perege wake, ndugu wa sato, yule wa ziwa Jipe kwa mfano humkuti nje ya mfumo huu wa Pangani duniani kote, sato akiingia anazaa nae wanatoka chotara. Ziwa Victoria waliweka sato na sangara miaka ya 1950, leo ngege aliyekuwa ndio samaki wa ziwa lile kamtafute kwenye viziwa vya pembeni. Ufugaji sipingi, mwenyewe ninalo bwawa la mita 10 kwa 15, ila aliye jirani na mto afuge perege wa hapohapo au aache.

— Mkuu perege wa hapo miezi sita unavuna vidole, sato anakupa robo kilo. Ada ya shule mwalimu haulizi imetoka kwa samaki mgeni au mwenyeji. Na dawa ipo, nunua madume matupu wale wanaolishwa homoni wakiwa wadogo, hawazaani hao.

— (mleta mada) Hapo umejichanganya ndugu yangu. Bwawani sawa hawazaani, ila dume likishafika mtoni majike ya perege si yapo? Halafu hawatoki wote madume, mie nilinunua 400 nikahakikishiwa kabisa, mwezi wa nne naona vitoto vimejaa pembeni, jike anatamia mayai mdomoni we unadhani hana hamu ya kula tu.

— Mimi niko Kenya. 2009 serikali ilichagua maeneo bunge 140 ikatuchimbia mabwawa 200 kila eneo, kila bwawa mita mraba 300 na vifaranga 1,000. Msaada ulipokatika mengi yaliachwa yakamea nyasi. Mwenye bwawa akichoka, samaki anawatoa nani? Hilo mbona hamlizungumzii?

— Kwa hiyo mnataka nifukie langu?

— (mleta mada) Hujaambiwa ufukie mkuu. Funga wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kutolea maji, pandisha kingo. Ila masika yale ya kufunika kingo na wavu wake, hapo hata mie sina jibu, ndo maana nimeleta mada.