Naomba ushauri: je, theluji ya Aprili huko Breckenridge itatosha kumfundishia mtoto kuskii?

MwalimuWaNyalenda (Kisumu)

Hamjambo wanajukwaa. Naomba ushauri kuhusu safari niliyoiwekea akiba kwa miaka mitatu. Kaka yangu anayeishi Denver, Marekani, ametualika mimi, mwanangu wa miaka tisa, na mama yetu mzazi mwenye umri wa miaka 67 ambaye hutumia dawa za shinikizo la damu. Ameahidi kutupeleka Breckenridge, kituo cha kuskii milimani katika jimbo hilo la Colorado, kwa siku mbili ili mtoto ajifunze kuskii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zinazofungwa miguuni. Kwa kuwa mimi ni mwalimu, siwezi kusafiri mpaka shule zifungwe Aprili, na hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanzia, kwani jirani aliyewahi kusoma Ulaya ameniambia kwamba mwezi huo ni wa machipuko na kwamba tutakuta matope badala ya theluji. Nauli ya watu watatu si pesa ya kuchezea. Tena mtoto amekwisha kubandika picha ya Philip Boit ukutani tangu nilipomsimulia jinsi bingwa wa Norway, Bjørn Dæhlie, alivyomngoja mwanaskii wetu huyo kwenye mstari wa mwisho katika Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani, mwaka 1998 ili amkumbatie. Je, theluji itakuwepo? Na utabiri wa hali ya hewa nianze kuufuata lini?

MwanaWaTimboroa

Mwalimu, usiivunje safari. Nilifanya kazi kwenye lifti za viti, zile zinazowapandisha wanaskii mlimani, katika milima hiyo kwa misimu sita, na Aprili ndiyo miezi ninayoikumbuka kwa furaha zaidi.

Jirani yako huenda anasema kweli kuhusu mahali alikosoma, kwa sababu vituo vingi vya Ulaya viko chini na theluji yake huondoka mapema. Ukitaka kujua hali ya theluji wakati wa machipuko, uliza kwanza urefu wa mahali, kisha ndipo uulize mwezi. Denver iko mita 1,609 juu ya usawa wa bahari, yaani chini kuliko Nakuru, na Aprili utakuta miti imechanua. Breckenridge huanzia takriban mita 2,926 na lifti yake ya juu kabisa hufika mita 3,914. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo siku ambayo kaka yako amevaa fulana mjini, kule juu bado ni kipupwe. Isitoshe, akiba ya theluji katika milima ya Colorado kwa kawaida hufikia kilele chake kati ya mwanzo na katikati ya Aprili, kisha ndipo huanza kuyeyuka. Kama likizo inakuruhusu, nenda mapema ndani ya mwezi, na kabla ya kulipia chochote hakikisha tarehe ambayo kituo kimetangaza kufunga. Ukichelewa, kituo kingine, Arapahoe Basin, hakiko mbali. Huanzia juu zaidi, takriban mita 3,286, na mara nyingi huendelea mpaka Juni.

Jambo linalowashinda wageni ni saa za siku. Wakati wa machipuko theluji huyeyuka mchana na kuganda usiku, na mzunguko huo ukirudiwa siku kadhaa huigeuza kuwa punje. Ukiichota kiganjani asubuhi utadhani ni chenga za mchele, kavu na zenye kutawanyika. Saa mbili na nusu asubuhi mteremko bado ni barafu ngumu itakayomwangusha mtoto na kumtia hofu. Ifikapo saa nane mchana ni uji mzito unaonasa skii na kuchosha magoti. Mwombee mafunzo ya kati ya saa nne na saa sita, na mchana mwache acheze tu. Msivuke kamba za mipaka ya kituo hata kidogo, kwani theluji iliyolowa maji alasiri ndiyo huporomoka.

MwalimuWaNyalenda

Ahsante sana, ndugu yangu, umenitua mzigo. Na huu msemo wa El Niño, je, hauwezi kuharibu mpango wote? Sisi tuliona mafuriko yake mwishoni mwa mwaka 2023.

MwanaWaTimboroa

Bahari ya Pasifiki ni ile ile, ila matokeo ni tofauti. Mwaka wa El Niño kwa kawaida huvuta dhoruba kuelekea kusini mwa Marekani, na La Niña, hali iliyo kinyume chake, huzisukuma kaskazini magharibi. Breckenridge imekaa katikati, kwa hiyo usikate wala usiahirishe tiketi kwa sababu hiyo. Utabiri wa miezi hukupa mwelekeo tu. Utabiri wa siku uanze kuufuata siku saba kabla, kupitia Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani, na uombe wa mlimani, si wa Denver mjini.

DerevaWaMbali (Eldoret)

Naongeza la barabara, kwa maana nimeliendesha gari huko. Kutoka Denver ni umbali usiotofautiana sana na wa Kisumu hadi Eldoret, lakini mnapita kwenye handaki la Eisenhower lililo takriban mita 3,400 juu, na dhoruba za Aprili huleta theluji nzito yenye maji mengi ambayo hulala barabarani kwa muda mfupi. Sheria ya eneo hilo la barabara kuu ya I-70 hudai magurudumu yanayofaa theluji, au vifaa kama minyororo, kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31. Kaka yako akitaka kukodi gari, aulize magurudumu kabla ya kutia sahihi.

AfisaTibaNakuru

Mwalimu, mimi namwangalia mama. Kisumu iko takriban mita 1,130, na kuanzia mita 2,500 mwili wa mtu asiyezoea huweza kulalamika kwa kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa usingizi. Amwone daktari wake kabla ya safari, asiache dawa, na mlale Denver angalau usiku mbili kabla ya kupanda. Akishindwa kupumua hali amekaa, au akianza kuchanganyikiwa, mteremsheni mara moja bila kungoja asubuhi.

Pia msidanganyike kwamba ngozi yetu haiungui. Theluji hurudisha mwangaza kutoka chini, na mimi niliungua chini ya kidevu na kwenye matundu ya pua, mahali ambapo sikuwa nimepaka losheni. Miwani ya giza ni lazima kwa wote watatu, hata kwa mama akiwa ameketi tu kibarazani.

MwalimuWaNyalenda

Nimezungumza na kaka jioni hii. Tumekubaliana tusafiri wiki ya kwanza ya likizo, tulale Denver usiku tatu, na Breckenridge twende katikati ya wiki. Mama ataonana na daktari wake Jumatatu. Limebaki moja: mtoto ana gambuti za shamba na suruali za jinzi, je, zitamfaa?

MwanaWaTimboroa

Hapana, Mwalimu. Jinzi hunyonya maji na kuganda, na gambuti hazina joto. Azime suruali isiyopenya maji huko huko Denver, avae soksi za sufu, na umbebee jozi mbili za glavu, kwa sababu ya kwanza italowa kabla ya saa sita.