Kishikwambi kimoja, watoto 92, darasa la kwanza: nianzeje?

Mwanachuo_BTP:
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi.

Mimi ni mwanachuo wa ualimu wa elimu ya msingi, niko kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule ya kijijini mkoani Tanga. Nimepangiwa somo la Kusoma, darasa la kwanza. Watoto ni 92. Madawati hayatoshi, kwa hiyo wengine wanakaa sakafuni mbele ya ubao. Umeme umefika ofisini, darasani bado.

Chuoni TEHAMA tulijifunzia kwenye chumba cha kompyuta: kuandaa slaidi, kutafuta mtandaoni, kutuma barua pepe. Huku kifaa ni kimoja tu, kishikwambi cha mwalimu mwenyeji wangu, katika vile walivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022. Ananiazima kwa moyo mkunjufu. Bando najinunulia.

Sasa tuko kwenye silabi ma me mi mo mu. Nina katuni fupi ya Kiswahili ambayo watoto wanaipenda sana. Nikiinua kishikwambi, walio sakafuni wanaona vizuri. Wa katikati wanaona mwanga wa dirisha uking'aa kwenye kioo. Wa nyuma wanapanda juu ya madawati na somo linakuwa vurugu. Lakini nimeona kitu: katuni ikitamka "ma", darasa zima linaitikia, hata kule nyuma. Kuna mtoto mmoja anakaa karibu na mlango, akisikia silabi anaitamka safi kabisa, nikimwonyesha kadi ananitazama usoni badala ya kutazama herufi.

Mkufunzi anakuja kunitathmini hivi karibuni. Sitaki kuandika "kishikwambi" kwenye andalio la somo ili safu ya zana ipendeze. Nataka yule wa mlangoni asome. Naombeni ushauri wa mtu aliyeifanya kazi hii kwenye darasa la aina hii.

MamaKKK:
Marahaba mwanangu. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili miaka mingi, na jibu umeshaliona mwenyewe. Kwa watoto 92, kishikwambi ni redio, si televisheni. Achana na kukiinua.

Fanya hivi. Jioni, mahali patulivu, jirekodi mwenyewe kwa kinasa sauti kilichomo humo humo. Tamka "mmm", nyamaza kidogo wapate kuitikia. Tamka "ma", nyamaza. Halafu maneno: mama, meno, moto. Tumia sauti yako, maana katuni nyingi za mtandaoni zinataja majina ya herufi za Kiingereza, "em", na mtoto akikariri "em" atakuja kukusomea "ema" badala ya "ma". Azima spika ndogo ya kuchaji, iweke nyuma ya darasa, siyo mezani kwako.

Faida yake hii hapa: rekodi ikishaanza kutamka, wewe mikono na miguu yako iko huru. Huna haja ya kusimama mbele ukipaza sauti mpaka koo likauke. Shika kadi zako za silabi (kata maboksi ya sabuni, andika kwa makapeni mazito) na utembee mpaka kule mlangoni. Spika inasema "ma", wewe umechuchumaa mbele ya yule mtoto, kidole chako kiko chini ya m, kisha chini ya a. Anasikia na kuona kwa wakati mmoja. Hilo ndilo analokosa sasa hivi, sikio lake limetangulia jicho.

Mwl_Gredi2_Kenya:
Salamu kutoka Kenya, mwalimu. Nakubaliana na mama hapo juu kuhusu sauti, lakini usiitupe picha.

Kwetu mpango wa kujifunza kidijitali kwenye shule za msingi ulianza kutekelezwa 2016. Shule zililetewa tableti za wanafunzi wa darasa la kwanza, laptopu za walimu, projekta na seva ya masomo. Shuleni kwangu wakati ule vifaa vilifungiwa kabatini muda mrefu kwa hofu ya kuibwa au kuvunjika, na walimu tulikuwa tumepata mafunzo mafupi mno. Kwa hiyo usingoje mpaka ujue kila kitufe. Watoto hawamalizi darasa la kwanza mara mbili wakikungoja.

Kilichotusaidia ni makundi. Wengi waandike, kundi dogo la watoto sita wazunguke tableti ikiwa imelazwa mezani, mbali na dirisha. Dakika chache, kisha kundi lingine. Si lazima wote wafike siku moja. Andika orodha ya nani ameshafika, la sivyo wale wachangamfu watakuja kila siku na wapole hawatafika kabisa. Kwa hadithi, angalia African Storybook, maktaba ya mtandaoni ya hadithi za watoto: zipo za Kiswahili, ni bure, zimepangwa kwa viwango, na ukishazipakua unazisoma bila intaneti.

Fundi_Vishikwambi:
Kwa kuwa uko Tanga, kuna historia ya kuijua. Kati ya 2017 na 2019 majaribio ya Global Learning XPRIZE, mashindano ya kimataifa ya programu za kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu, yalifanyika mkoani humo. Watoto karibu 3,000 katika vijiji takriban 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu, wakavichaji kwa sola. Washindi walikuwa wawili, onebillion na Kitkit School, na programu zao zikaachwa wazi zitumiwe bure. Ila kumbuka, kule kila mtoto alikuwa na chake. Matokeo yale huwezi kuyahamishia kwenye kifaa kimoja kwa watoto 92, na mtu akikuahidi hivyo usimwamini.

Kuhusu bando: pakua kila kitu siku ukiwa mjini, na hakikisha kinafunguka ukiwa umezima data. Kolibri nayo, programu ya masomo, imetengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti. Vitabu vya kiada vipo Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Punguza mwanga wa kioo, betri itadumu. Kwa kucheza sauti tu, kioo kizime kabisa.

Mwanachuo_BTP:
Asanteni sana, mmenifungua macho. Spika nimepata, ya kijana anayeuza vocha. Jana jioni nimerekodi, kuku wa jirani wamesikika kidogo lakini silabi ziko wazi. Swali moja, mama: kwenye andalio niandikeje ili mkufunzi asione nimekwepa kufundisha?

MamaKKK:
Kuku waache, watoto wako wanaishi nao. Kwenye zana andika: kadi za silabi, rekodi ya sauti ya mwalimu, spika. Kwenye kazi ya mwalimu andika: kupita kwa wanafunzi wa nyuma na kuonyesha herufi huku rekodi ikitamka. Kwenye kazi ya mwanafunzi: kuitikia silabi na kuionyesha kwenye kadi. Kwenye tathmini chagua watoto watano wa nyuma, mmoja mmoja akusomee "ma" na "mu" rekodi ikiwa imezimwa. Andika waliosoma na wasiosoma, bila kuficha. Mkufunzi mzuri ataanzia kuuliza hapo.