Ghala Vingunguti: sola ya kilowati 100 juu ya bati la zamani, nianzie wapi?

BintiWaGhala

Habari zenu ndugu zangu. Nasimamia ghala la familia hapa Vingunguti, mita 40 kwa 25, bati la gheji 30 lililoezekwa 2008, kenchi na mapapi (vyuma vya juu ya kenchi vinavyoshika bati) ya chuma. Upande mmoja kuna vyumba vinne vya baridi vya mpangaji wa samaki, upande wa pili mashine za kusafisha ufuta na choroko. Tuko T2, daraja la bei la TANESCO kwa watumiaji wakubwa. Mwezi uliopita tulitumia uniti 28,000 kwa shilingi 195, na mahitaji ya juu, yaani umeme mwingi zaidi tuliovuta kwa wakati mmoja, yalifika KVA 180 kwa shilingi 15,004 kila KVA. Jumla milioni 8.16 kabla ya VAT.

Wamekuja watu wa kampuni moja ya sola. Wanasema tukiweka kilowati 100 bili itashuka nusu, na umeme ukikatika vyumba vya baridi vitaendelea kufanya kazi. Paa wamelipima kwa picha ya setilaiti, hakuna aliyepanda. Baba anataka kusaini wiki ijayo. Mimi usingizi hauji, maana paa hilo ndilo linalotulisha. Mliowahi kufanya, nianzie wapi?

FunditaKenchi

Dada, mwombe mzee asisaini wiki ijayo. Nimeezeka maghala ya Dar miaka 19, na saba ya mwisho nafunga sola. Hakuna kazi ya sola ya ghala inayoanzia kwenye paneli. Inaanzia kwenye bati.

Paneli hukaa miaka 25. Bati lako lina umri wake tayari, na ni gheji 30, jembamba. Likianza kuvuja baada ya miaka sita, itabidi ushushe kila kitu, uezeke upya, upandishe tena. Nimeifanya kazi hiyo Kurasini, paneli 90, na mwenye ghala alilipa ufungaji mara mbili. Waliomfungia mwanzo walitoboa bondeni mwa bati badala ya mgongoni. Bondeni ndiko maji yanakopita! Masika ya tatu mpira wa skrubu ulikuwa umechoka, na magunia ya mchele yakalowa. Kila tundu lipite mgongoni, skrubu ishike papi lenyewe, na chini ya mguu wa reli kuwe na mpira mzuri.

Uzito. Paneli ya wati 550 ina kilo 28 hivi, mita 2.28 kwa 1.13. Kilowati 100 ni paneli 182, tani 5 na kitu. Na reli na vibano inakaribia 6. Ukizitandaza ni kama kilo 12 au 13 kwa mita ya mraba. Kenchi nzuri inabeba, lakini maghala mengi yalijengwa kwa kubana chuma. Mlipe mhandisi wa majengo apande, apime unene wa mapapi na nafasi kati yake, aangalie maungio yenye kutu. Akupe karatasi yenye muhuri. Upepo nao hunyanyua, na hunyanyua zaidi pembezoni na kileleni, kwa hiyo asikubali mtu kujaza paneli hadi ukingoni.

Sasa bili. Nimejaribu kuona nusu hiyo wameitoa wapi. Wamehesabu saa tano za jua, uniti 15,000 kwa mwezi, wakazidisha kwa 292, bei ya T1, daraja la wateja wa kawaida. Inakuja milioni 4.38, na kweli hiyo ni zaidi ya nusu. Lakini wewe hununui uniti kwa 292. Kwa Dar mimi nahesabu uniti 4 kwa kila kilowati kwa siku, kwa wastani wa mwaka. Hizo ni 12,000 kwa mwezi, mara 195, milioni 2.34. Si haba, ila ni kama asilimia 29 ya bili. Na hapo ni kama unazitumia zote mchana. Msimu wa ufuta ukiisha na mashine zikasimama, nani atakula umeme wa saa saba?

Ile milioni 2.7 ya KVA usiipunguze kwenye hesabu kabisa. Inatozwa kwa kilele cha mwezi mzima. Asubuhi moja ya wingu zito la Aprili, kompresa zote na mashine zikiwaka pamoja, kilele kimerudi palepale. Na sola hupunguza kilowati tu, ule mzigo wa sumaku wa mota unabaki kwa TANESCO, kwa hiyo pawa fakta ya mita (sehemu ya KVA inayofanya kazi halisi, yaani kilowati) huonekana mbaya zaidi mchana. Ukiwa na 0.85 leo, KVA 180 ni kilowati 153. Funga kapasita, vifaa vinavyobeba ule mzigo wa sumaku, ufike 0.95, kilele kinakuwa KVA 161. Hiyo ni shilingi 285,000 kila mwezi kabla hujanunua paneli hata moja. Kisha panga mashine za ufuta ziwashwe moja moja, si zote saa moja asubuhi.

Umeme ukikatika: inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa TANESCO) ya kuunganishwa na gridi bila betri hujizima yenyewe. Imetengenezwa hivyo ili fundi wa TANESCO aliyeko nguzoni asiuawe na umeme unaotoka paani kwako. Samaki hawataokolewa na paneli tupu. Kama una jenereta, sola inaweza kufanya kazi nayo, lakini lazima kuwe na kidhibiti kinachoipunguza, maana jenereta isiachiwe mzigo chini ya asilimia 30 hivi. Waulize hilo, na jibu liwe kwenye mkataba.

Tena, hapo uko jirani na machinjio. Kunguru! Wanakaa paani wanaacha mifupa na kinyesi, na sehemu moja iliyofunikwa hupata joto kali na kupunguza umeme wa paneli. Panga njia ya kutembea na bomba la maji tangu mwanzo. Zioshwe alfajiri, kamwe si saa sita juani.

MzeeWaShimanzi

Pole na bili, binti yangu. Mimi nina godauni Mombasa. Aliyotangulia kusema fundi ni kweli, nami naongeza mawili. Chumvi ya bahari inakula bolti, basi taka bolti za chuma kisichoshika kutu, na usikubali mtu akuambie zile za kupakwa zinki ni sawa. La pili ni mkataba wa mpangaji. Mie niliweka sola, mpangaji wa stima nyingi akahama baada ya miezi minane, nikabaki na paneli na godauni tupu. Andikeni mapema stima ya paani anauziwa kwa bei gani na kwa miaka mingapi.

BintiWaGhala

Shikamoo mzee wangu, na fundi ahsante sana, nimemsomea baba yote. Tumeahirisha. Leo nimepanda ngazi kwa ndani na mlinzi. Mapapi yana nafasi ya mita 1.5, kutu iko kwenye maungio ya upande wa machinjio. Kuna pia mistari sita ya bati za fiba za kupitisha mwanga. Wale jamaa kwenye mchoro wao wamezifunika zote kwa paneli. Ni sawa?

FunditaKenchi

Si sawa, dada. Fiba ikipigwa jua miaka mingi inakuwa kama biskuti. Mwenzangu alikanyaga moja iliyojaa vumbi, ikafanana na bati, akaanguka mita saba. Nyonga ilivunjika, hajapanda paa tena. Yeyote atakayepanda kwako, hata huyo mhandisi, kwanza zizungushiwe kamba kwa juu, mbao za kukanyagia ziwe juu ya mapapi, na kila mtu avae mkanda uliofungwa kwenye kenchi. Paneli zisipite juu yake, zirukwe. Utapoteza nafasi ya paneli thelathini hivi, na kilowati 80 zinakutosha kwa mzigo wako wa mchana.

Yale maungio ya upande wa machinjio yapige picha ukiwa na rula pembeni, uziweke hapa. Nataka kuona kama kutu imeishia kwenye rangi au imeingia kwenye chuma.